UZI: KOR, MT, C&F, SP, EC… Herufi fupi za Kiingereza kwenye karatasi za korosho, bandari na dawa (Mtwara na Lindi)

#1 – BamboLaGhala (Mtwara)

Wadau wa Kusini, salaam.

Kila msimu maswali ni yale yale. KOR ni nini? Hii MT kwenye mkataba inasemaje? Mbona dawa yangu ni 5 EC na ya jirani ni 50 EC, nani kauziwa kali? Anayejibu hutaja kirefu chake kwa Kiingereza, muulizaji anaondoka na maneno matatu mapya na bado hajui afanye nini. Hapa tuzichambue herufi zenyewe pamoja na hesabu zake, na pale zinapomgeuka mtu.

Sharti langu ni moja: ukiuliza herufi, sema umeikuta kwenye karatasi gani. Chukua MT. Kwenye mkataba wa mauzo ni "metric ton", kilo 1,000. Kwenye orodha ya makontena uwanjani ni kontena tupu, kwa sababu ukizitamka herufi hizo kwa Kiingereza, em-ti, sauti inakuwa ile ile ya neno lao la kitu kitupu. Benki, MT103 ni "message type", aina ya ujumbe wa malipo wa SWIFT, mtandao wa benki wa kutumiana ujumbe. Siku hizi ujumbe wa pacs.008 umeshika nafasi yake kwenye malipo ya nchi na nchi, ila watu bado wanadai "nitumie MT103". Kwa hiyo "25 MT" inaweza kuwa tani 25 za korosho au makontena 25 yasiyo na kitu.

Naanza na KOR, maana ndiyo inayobishaniwa kuliko zote.

KOR ni "kernel outturn ratio", wengine huandika "output". Ni uzito wa kiini kizuri, kwa ratili, unaotarajiwa kutoka kwenye gunia la kilo 80 za korosho ghafi. Ratili hapa ni ile ya Kiingereza, gramu 453.6, inayoandikwa lb. Herufi hizo hazifanani na "pound" kwa sababu zimetoka kwenye Kilatini, "libra", yaani mizani.

Namna ya kuipata: bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli, lichomwe kwenye magunia ya pande zote za shehena, ya juu, ya kati na ya chini, siyo yale ya mlangoni tu. Changanya sampuli, itandaze, igawe mafungu manne, chukua mawili yanayotazamana, changanya tena, rudia hadi ubakiwe na kilo moja na ushee. Pima kilo moja kamili. Hesabu punje zote, hiyo ndiyo "nut count", na kumbuka idadi ikiwa ndogo korosho ni kubwa. Kisha kata kila punje katikati na utoe viini vikiwa bado na ganda lake jembamba. Tenga mafungu matatu: vizuri, vyenye madoa au vilivyosinyaa, vya kutupa, yaani vilivyooza, vyenye ukungu au wadudu, na punje zilizokuwa tupu ndani. Fungu la kwanza unalihesabu lote, la pili nusu yake, la tatu hulihesabu kabisa.

Mfano: vizuri gramu 262, vyenye kasoro gramu 24. Nusu ya 24 ni 12. Jumla 274. Zidisha kwa 80, unapata gramu 21,920 kwa gunia. Gawanya kwa 453.6. Jibu ni 48.3. Wapimaji hufupisha kwa kuzidisha gramu moja kwa moja na 0.17637, ambayo ni 80 gawanya kwa 453.6.

Panapoharibika: mizani isiyosoma gramu moja moja, vipande vinavyoruka wakati wa kukata na kuachwa mezani, na kuandika KOR bila MC pembeni yake. MC ni "moisture content", unyevu. Mikataba mingi haitaki uzidi asilimia 10. KOR nzuri kwenye korosho mbichi ni nusu ya taarifa, maana mzigo huo utapungua uzito na unaweza kuota ukungu kabla haujafika.

#2 – Kitangari_Leo

Mkuu, kwa hiyo KOR 48 maana yake asilimia 48 ya gunia ni kiini?

#3 – BamboLaGhala

Hapana, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ni ratili 48 katika kilo 80. Kwenye mfano wa juu kiini ni gramu 274 katika 1,000, yaani asilimia 27.4. Kutoka asilimia kwenda KOR, zidisha kwa 1.7637. Anayekwambia gunia lake lina kiini nusu kwa nusu amesoma herufi bila kuuliza kipimo.

#4 – MamaBangua (Lindi)

Niendelee pale kaka Bambo alipoachia, korosho ikishabanguliwa.

Kwenye boksi utakuta W320, W240, W210, W180, W450. W ni "white wholes", nzima nyeupe. Tarakimu ni idadi ya juu ya punje katika ratili moja. W320 ni punje 300 hadi 320, W240 ni 220 hadi 240, W180 ni 170 hadi 180. Tarakimu ndogo ndiyo punje kubwa na ndiyo bei kubwa. Ukitaka kukagua kwa kilo, W320 ni kama punje 660 hadi 706. Ukihesabu 760 kwenye kilo, hiyo si W320 hata boksi liwe limechapwa vipi.

Mnunuzi anayefuata utaratibu wa Vietnam ataandika WW320: W ya kwanza "white", ya pili "wholes". Ni daraja lile lile, msiombe nyongeza ya bei kwa sababu ya W iliyozidi. SW ni "scorched wholes", nzima zilizobabuka kwa moto. LBW ni nzima zenye doa hafifu. DW ni "dessert wholes", zenye madoa zaidi au mikunjo. WS ni zilizopasuka nusu mbili kwa urefu, WB zilizovunjika kwa upana. Kisha tunafika kwenye chenga: LWP au LP ni chenga kubwa, SWP au SP ni chenga ndogo, BB ni "baby bits", zile ndogo kabisa.

Angalieni hiyo BB. Kwenye pakiti ya dukani BB au BBE ni "best before", tarehe ambayo ubora wake unaanza kushuka. Boksi linaweza kuwa na "BB" ubavuni kama daraja na "BB 12/2026" chini kama tarehe. Ukijaza fomu ya mzigo usinakili ya pili mahali pa ya kwanza.

Ujazo: boksi la kawaida ni ratili 50, kilo 22.68. Kontena la futi 20 huingia maboksi 700, kilo 15,876. Ankara ikisema maboksi 700 na tani 17, kuna mtu amechanganya uzito halisi na uzito wa jumla. Na hapo kuna maneno mawili mafupi yenye mashiko: "net" ni korosho peke yake, "gross" ni korosho pamoja na mifuko na maboksi. "Tare" ni uzito wa chombo kitupu.

#5 – Masasi_Mjini

Dada, hiyo SP ndiyo ile ile ya kwenye pakiti ya dawa ya wadudu? Na WS nimeiona kwenye dawa ya mbegu.

#6 – LeboKwanza (Tandahimba)

Herufi ni zile zile ila hazihusiani kabisa. Kwenye dawa, herufi zinazofuata jina ni umbo la dawa, na umbo ndilo linalokuambia uichanganye vipi.

EC, "emulsifiable concentrate". Dawa imeyeyushwa kwenye mafuta. Ikikutana na maji inageuka rangi ya maziwa. Ijaribu kwenye glasi: matone machache, tikisa, iache. Tabaka la mafuta likirudi juu upesi, dawa imekwisha muda, imeharibika au si yenyewe.

SC, "suspension concentrate". Unga laini sana ulioelea kwenye kimiminika. Hii hutuama. Asiyetikisa chupa anapulizia maji nusu ya kwanza ya msimu, na nusu ya pili anaunguza majani.

WP, "wettable powder", unga wa kulowekwa. Usiumwage ndani ya pampu. Tengeneza uji kwenye ndoo kwa maji kidogo, koroga mpaka mabonge yaishe, ndipo umimine kwenye maji mengi. WG au WDG ni ule ule ulioviringwa kuwa chembe ili usitimke vumbi.

SP kwenye dawa ni "soluble powder", unga unaoyeyuka kabisa kama chumvi, haubaki na mashapo. SL ni kimiminika cha namna hiyo hiyo. WS ni unga wa kufanya tope la kupaka mbegu kabla ya kupanda, haupuliziwi shambani. DP ni "dustable powder", unga wa kupulizwa mkavu.

Sasa tarakimu. Kwenye vimiminika ni kiasi cha dawa yenyewe, ile inayoandikwa a.i., "active ingredient". Tatizo ni kwamba viwanda vina mazoea mawili. Wengine huandika asilimia, wengine gramu kwa lita. Asilimia 5 kwenye kimiminika ni gramu 50 kwa lita. Kwa hiyo lambda-cyhalothrin 5 EC na lambda-cyhalothrin 50 EC ni nguvu ile ile! Mwenye 50 hakuuziwa kali mara kumi. Lakini 2.5 EC ni nusu ya nguvu hiyo, gramu 25 kwa lita, na hapo kipimo cha jirani hakikufai. Usiishie kwenye herufi kubwa za mbele. Geuza chupa utafute mstari mdogo wenye "g/L" au alama ya asilimia, na kipimo kitoke kwenye lebo ya chupa hiyo hiyo. Kwa unga hesabu ni kwa kilo: mancozeb 80 WP ni gramu 800 katika kila kilo.

Ukichanganya dawa mbili, kuna neno la kukumbukia mpangilio: WALES. W, anza na WP au WG. A, "agitate", koroga mpaka zisambae. L, vimiminika vya SC. E, EC. S, mwisho SL na vishikizo vya majani. Maji yawe yamefika nusu ya pipa kabla ya W, ujaze baada ya S. EC ikitangulia, mafuta yake hufunika unga unaofuata, yanatokea mabonge na chujio la pampu linaziba. Na kabla ya pipa zima, jaribu kwenye chupa ya lita moja kwa uwiano ule ule, subiri kama nusu saa. Ikiganda, ikichemka au ikipata joto, usiendelee. Lebo ikikataza mchanganyiko, WALES haiwezi kuuruhusu.

Zilizobaki kwa ufupi. PHI ni siku kati ya mpulizo wa mwisho na kuvuna. REI ni muda wa kukaa nje ya shamba baada ya kupulizia, kwa kawaida huhesabiwa kwa saa. LD50 ni kipimo cha ukali wa sumu, miligramu kwa kilo ya uzito wa mwili, na hapa tarakimu ndogo ndiyo kali zaidi. Watu wengi huisoma kinyume. PPE ni mavazi ya kinga. Mstari wa rangi chini ya lebo nao ni lugha: mwekundu kali kabisa, wa njano unafuata, wa buluu, kisha wa kijani.

#7 – Newala_Juu

Swali dogo. Salfa ya unga ikibaki, naweza kuitia maji nikapulizia kwa pampu ya mgongoni?

#8 – LeboKwanza

Soma herufi. Ikiwa DP, hapana. Salfa mkavu haulowi, utaelea juu ya maji na kuziba pua ya pampu. Huo ni wa kupulizwa kwa bloa asubuhi na mapema, upepo umetulia na umande ungalipo ili unga ushike kwenye maua na majani machanga, kule ugonjwa wa ubwiriunga unakoshambulia. Ikiwa ni salfa ya WG au WP, hiyo imetiwa kitu cha kuifanya ikubali maji, itie maji kama lebo inavyosema.

Na mbili hizi zote zisikutane na mafuta. Usichanganye salfa na dawa ya mafuta, wala usifuatanishe kwa siku chache, majani yataungua. Jua kali la nyuzi 32 na kuendelea nalo linaongeza hatari.

#9 – Gati_Kusini (Mtwara)

Nihamie bandarini. Hatari kuliko zote hapa ni C&F. Kwenye bango la ofisi mjini, C&F ni "clearing and forwarding", wakala wa forodha. Kwenye bei ya mzigo, C&F ni "cost and freight", bei pamoja na nauli ya meli. Mnunuzi akiandika "we need C&F", mjibu kwa kuuliza: bei au wakala? Jina rasmi la bei hiyo ni CFR, litumieni hilo ubishi uishe. CNF ni kitu hicho hicho kilichoandikwa kwa masikio.

FOB ni "free on board". Jukumu la muuzaji linaisha mzigo ukiwa ndani ya meli kwenye bandari ya kupakilia. CIF ni "cost, insurance and freight", muuzaji analipa nauli na bima hadi bandari ya mwisho. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: kwenye CIF Tuticorin, bandari ya India, muuzaji analipa hadi Tuticorin, lakini hatari inahamia kwa mnunuzi pale pale mzigo unapopakiwa Mtwara. Malipo na hatari haviendi safari moja. Na herufi tatu bila jina la mahali hazina maana. "Bei yetu ni FOB" si bei. "FOB Mtwara" ndiyo bei.

Kwa mzigo wa kontena, kanuni zenyewe, Incoterms toleo la 2020, zinaelekeza watu kwenye FCA, "free carrier". Sababu ni ya kawaida kabisa: kontena unalikabidhi uwanjani, huligusi tena. Likianguka kati ya uwanja na meli, kwa FOB bado ni lako ingawa halimo mikononi mwako.

Mtego wa pili: ICC. Wanaotoa Incoterms ni ICC, "International Chamber of Commerce". Lakini kwenye hati ya bima ICC (A), (B) au (C) ni "Institute Cargo Clauses", ukubwa wa kinga. A ni pana, C ni finyu. Kwa CIF muuzaji anatakiwa kukata angalau C, kwa asilimia 110 ya thamani. Mnunuzi anayetaka A aseme kwenye mkataba, asisubiri boksi liloe.

Mlango wa kontena nao ni ukurasa wa kusoma. Herufi nne na tarakimu sita, kisha tarakimu moja ndani ya kisanduku. Herufi ya nne kwa kontena ni U. Ile ya kisanduku ni ya ukaguzi: inakokotolewa kutokana na zile za mbele, kwa hiyo ukikosea herufi moja mfumo unaikataa namba. Chini yake 22G1 ni futi 20 la kawaida, 42G1 futi 40, 45G1 futi 40 refu kwenda juu, lile linaloitwa HC au HQ.

VGM ni "verified gross mass", uzito uliothibitishwa. Tangu 1 Julai 2016 kontena lenye mzigo halipandi melini bila huo. Njia ni mbili: kupima kontena lililojaa, au kupima kila kilichomo na kujumlisha na tare iliyoandikwa mlangoni. Tuchukue mfano wa dada Bangua: korosho kilo 15,876, mifuko na maboksi tuseme 910, tare tuseme 2,230. VGM ni 19,016. Kosa la kila siku ni kuandika 15,876 iliyonakiliwa kwenye ankara.

Kwenye B/L, "bill of lading", hati ya shehena, tazama STC au SLAC. STC ni "said to contain", inasemekana kuna kadhaa ndani. SLAC ni "shipper's load and count", mwenye mzigo ndiye aliyepakia na kuhesabu. Meli inakwambia: sikufungua, sikuhesabu. POL ni bandari ya kupakilia, POD ya kushushia. Ila dereva wa lori akisema POD anataka ile karatasi yenye saini ya kupokelewa mzigo, "proof of delivery".

#10 – Mikindani_Bahari

Kaka Gati, "freight prepaid" na "collect" nazo?

#11 – Gati_Kusini

Prepaid, nauli imelipwa huku. Collect, italipwa kule. CIF na CFR huenda na prepaid, FOB huenda na collect. Zikigongana, benki itairudisha hati. Dada wa benki yumo humu, atasema.

#12 – Hati_Safi (Lindi)

Nipo. Nitaacha vifupisho nichukue maneno mafupi yenyewe, kwa sababu ndiyo yanayorudisha hati kuliko vifupisho.

L/C ni "letter of credit", ahadi ya benki kulipa ikiona hati sahihi. Zinatawaliwa na kanuni za UCP 600, zilizoanza kutumika 1 Julai 2007, na kanuni hizo zimeyafunga maneno madogo kwa maana isiyo ya mtaani.

"About" mbele ya kiasi: asilimia 10 juu au chini. "About 100 MT" ni kati ya tani 90 na 110. Lakini linafanya kazi kwa kile tu linachokitangulia. Likiwa kwenye tani na halipo kwenye dola, ukipakia 110 utalipwa zile dola za 100. Kumi zilizobaki umempa mnunuzi zawadi.

"On or about 15 March": siku tano kabla hadi siku tano baada, tarehe zote mbili za mwisho zimo. Yaani 10 hadi 20 Machi.

"From" lina sura mbili. Kwenye muda wa kupakia, "from 10 March" inaihesabu tarehe 10. Kwenye muda wa kulipwa, "30 days from B/L date" haiihesabu: B/L ya 10 Machi, siku ya kwanza ni 11, malipo yanaiva 9 Aprili. "To", "until", "till" na "between" kwenye muda wa kupakia zinaihesabu tarehe iliyotajwa. "Before" na "after" zinaiacha nje.

"Beginning" ya mwezi ni tarehe 1 hadi 10, "middle" 11 hadi 20, "end" 21 hadi mwisho. Na "prompt", "immediately" au "as soon as possible" hazina uzito wowote, benki inazipuuza isipokuwa hati fulani imetakiwa itumie maneno hayo. Mkitaka haraka, wekeni tarehe.

Sasa D/P na D/A, maana DP ya salfa imeshasemwa. D/P ni "documents against payment", mnunuzi alipe ndipo apewe hati. D/A ni "against acceptance", anasaini kwamba atalipa baadaye na anachukua hati, na akiwa na hati ana mzigo. Tofauti ya herufi moja, na kwenye D/A umemkopesha. Ukiona "D/P 60 days" uliza mara mbili, huyo ameweka mguu mmoja kila upande.

Kwenye zabuni: "shall" na "must" ni lazima, ukiikosa unaondolewa. "Should" ni inavyotarajiwa. "May" ni ruhusa. Kijana anayetafsiri zote kwa "inapaswa" anakuponza.

#13 – Shangani_Saa

Niongeze saa, kwa kuwa sisi tunahesabu saa kwa jua. ETA ni muda unaokadiriwa wa kufika, ETD wa kuondoka, ATA ule uliofika kweli. "ETA 0200 LT" ni saa nane usiku kwa saa za mahali hapo, siyo saa mbili. Ikiwa na Z mwishoni, 0600Z, hiyo ni saa ya dunia, ongeza tatu: 0900, kwetu saa tatu asubuhi.

COB ni "close of business", mwisho wa kazi, lakini wa nani? Mnunuzi wa Ho Chi Minh City yuko saa nne mbele yetu. Saa 1700 yake ni saa saba mchana Mtwara. Wa India yuko saa mbili na nusu mbele, kwa hiyo ni saa nane na nusu mchana. Anayesubiri mpaka saa kumi na moja jioni amechelewa kwa wote wawili.

#14 – Bomba_la_Gesi (Kilwa)

Na sisi wa gesi tuna M yetu. MMSCFD ni futi za ujazo milioni kwa siku. M moja ni elfu, kutoka Kilatini "mille", kwa hiyo MM ni elfu mara elfu. MCF ni futi elfu moja, siyo milioni. Halafu kwenye MW ya umeme M ni milioni! Ukurasa mmoja wa taarifa ya gesi ya Mnazi Bay au Songo Songo unaweza kuwa na M zote mbili. TCF ni futi trilioni, zile 57 zinazotajwa kwa nchi nzima.

LNG, LPG na CNG watu wanazichanganya. LNG inayozungumzwa kwa mradi wa Lindi ni gesi asilia iliyopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ikawa kimiminika, ujazo unapungua mara 600 hivi. CNG ni gesi asilia iliyoshindiliwa, kwenye magari ni kama bar 200. LPG ndiyo ya mtungi wa jikoni, propane na butane. Hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Fungua mlango, usiguse swichi. Gesi asilia ni nyepesi, inapanda juu.

#15 – Fundi_Mtama

Mfuko wa saruji: CEM II/B-L 32.5 N. Tafadhali.

#16 – Bomba_la_Gesi

CEM II ni saruji iliyochanganywa. CEM I ndiyo ya klinka karibu tupu, klinka ni yale madonge yaliyochomwa tanuruni ambayo husagwa kuwa saruji. A ina klinka asilimia 80 hadi 94, B 65 hadi 79. L ni jiwe la chokaa lililosagwa, P ni pozolana ya asili, kama majivu ya volkano. 32.5 ni nguvu kwa megapaskali baada ya siku 28. N inakaza kwa mwendo wa kawaida, R inawahi. Plasta na kujengea tofali, 32.5 inatosha. Nguzo na zege la juu, fuata mchoro wa mhandisi, mara nyingi utakuta 42.5.

#17 – Kitangari_Leo

Bambo, mwisho: stakabadhi ya ghala ina "SG" na nyingine "UG". UG si Uganda?

#18 – BamboLaGhala

Karatasi gani? Stakabadhi. Basi SG ni "standard grade", daraja la kwanza, UG ni "under grade", la pili. Hakikisha kilo za SG na za UG zimeandikwa kwenye mistari tofauti, na jumla yake ilingane na kilo ulizopimiwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Zisipolingana, usitie saini, rudi kwa karani magunia yakiwa bado hayajapandishwa kwenye lori la kwenda ghala kuu.